Jamvi la Mwanatumu

Mji ule ulikuwa na saa nyingi na wakati mmoja tu. Saa ya mnara wa soko, saa ya kinyozi, saa ya kituo cha polisi, hata saa za mikononi mwa mabibi harusi, zote zilisema ni saa kumi alasiri, na jua nalo, kwa woga au kwa heshima, lilikubaliana nazo. Lilikaa pale pale juu ya mabati ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa, halipandi, halishuki. Watu wa mji ule walizaliwa saa kumi, wakaoana saa kumi, wakazikana saa kumi, wala hawakuona ajabu. Saa kumi alasiri ndiyo saa aliyokuwa akija Mgeni, na mji unaomngoja mtu hauwezi kuiacha saa yake ipite.

Mzee Shekue aliingia kwa miguu, jamvi begani, chupa ya maji kwapani. Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda. Kanzu yake ameifua mwenyewe na kuipiga pasi ya mkaa, kwa maana aliamini kwamba mfiwa akija amechakaa watu humwonea huruma yeye wakamsahau marehemu. Alikuwa amekuja mji ule mara nyingi. Kila mara walinzi wa lango walimkaribisha kama mtu anayefika kwa mara ya kwanza, na kila mara yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama ameshafika kweli au bado yuko njiani, anaiota safari.

Lile jamvi lilikuwa la matanga ya binti yake.

Kwa kina Shekue, huko alikotoka, mtu akishazikwa hutandikwa jamvi, watu wakakaa, na mkubwa mmoja huuliza mara moja tu: "Mwamjua vipi marehemu?" Anayemjua hujibu: "Mtu mwema." Hujibiwa hivyo hata kama marehemu alikuwa mlevi au mchoyo wa kutupwa, kwa sababu hakuna mwanadamu aliyekosa wema wa walau siku moja, na anayejibu huitafuta siku hiyo moyoni mwake kabla ya kufungua kinywa. Jibu halitoki kwa ndugu, maana damu haijishuhudii. Likishatoka, mfiwa hushika ncha moja ya jamvi na aliyejibu hushika ncha ya pili, wakalianua pamoja, na kilio kikaisha. Na aliyekwisha kushika ncha haiachii mpaka jamvi lianuliwe. Akiiachia, husema watu wa huko, marehemu atahamia kwake.

Mwanatumu binti Shekue alipozikwa, watu walijaa mpaka nje ya ua. Wengi Mzee Shekue hakuwafahamu. Mkubwa akauliza, "Mwamjua vipi marehemu?" Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Kwani aliuawaje?" Ikafuatwa na nyingine: "Ni kweli kikombe chake kilikuwa kimejaa?" Na nyingine. Na nyingine. Swali likajibiwa kwa maswali, na watu walipokwisha kutawanyika jamvi lilikuwa bado chini.

Akalikunja peke yake. Kulikunja si kulianua, alilijua hilo. Akalitia begani, akauelekea mji ambao binti yake aliuawa. Au tuseme mji uliomuua, kwani kadiri alivyozidi kuzeeka ndivyo alivyozidi kutoiona tofauti.

*

Mgeni hakuwa na jina jingine. Zamani, kabla saa hazijasimama, alikuwa akipiga hodi kwenye nyumba ya mwanamke aliye peke yake, saa ya chai, kwa adabu, kama mtu aliyepotea njia. Mwanamke humkaribisha, kwa sababu huo ndio uungwana aliolelewa nao. Waliofika baadaye walikuta mwenye nyumba ameuawa, na mezani vikombe viwili, kimoja kimenywewa mpaka kwenye mashapo, kingine kimejaa na kimepoa. Kilichojaa kilikuwa cha mwenye nyumba.

Alikwenda hivyo nyumba hadi nyumba, kisha siku moja akaacha, kama mvua inavyoacha bila kumuaga mtu. Hakukamatwa. Hakuonekana. Mji, ambao mwanzo ulilia, ukaanza kunong'ona. Mnong'ono ukawa hadithi. Hadithi ikawa sikukuu. Wanaume wakaanza kuvaa kofia upande kwa sababu ilisemekana yeye alivaa hivyo. Wali wa nazi ukaitwa wali wa Mgeni kwa sababu mtu fulani alikumbuka kwamba mtu mwingine alisema aliupenda. Milango ya mji ule ikaachwa wazi nusu, mchana huo usiokwisha, na nyuma ya kila mlango meza, na juu ya kila meza vikombe viwili.

Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea. Wahenga hawakuufikia mji ule. Kule walioisifu mvua walikuwa wakavu mpaka kwenye nyayo.

Swali lililomla Mzee Shekue halikuwa nani aliyeua. Hilo lilikuwa swali la mji, na mji ulilipenda kiasi cha kuomba lisijibiwe. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini mwenye kuutoa uhai wa mtu huupata? Ametazama, ameona. Binti yake alikuwa na sauti, na ucheko, na chakula asichokipenda, na namna yake ya kukaa. Siku aliyouawa vyote hivyo vilimtoka, na ungedhani vimemwagika ardhini. Havikumwagika. Vilimiminwa, kama maji ya mtungi huu kwenye mtungi ule, vikamwingia aliyemuua. Sasa yeye ndiye mwenye sauti, na watu huigiza kicheko chake, na chakula anachokipenda kina jina, na namna yake ya kukaa hufundishwa. Na waliouawa? Hao wamebaki kuitwa Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu.

Wa Nne. Mwanangu Wa Nne. Mwanangu aliyesimama baina ya Wa Tatu na Wa Tano kama mtu kwenye foleni ya maji. Nilimchagulia jina kabla hajazaliwa. Mama yake alitaka jingine. Tuligombana, tukanuniana, nikashinda. Nilishinda nini?

*

Alianza, kama alivyoanza kila mara, kwa duka la kanga, kwa kuwa mwenye duka alikuwa jirani wa marehemu. Huyu aliitwa Bi Chausiku, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye mkono mwepesi wa kukunjua nguo.

"Hodi hapa."

"Karibu, babu, karibu! Shikamoo. Pita ndani, doti mpya zimeshuka. Hii hapa, ona rangi. Nyekundu hazikai dukani, leo umeandikiwa wewe."

Kanga ilikuwa na picha ya vikombe viwili, na chini yake maandishi: MGENI NJOO MWENYEJI APONE.

Mzee Shekue aliyasoma pole pole, kisha akayasoma tena. Aliwahi kuyasema maneno hayo yeye mwenyewe, kwenye baraza lake, mtoto wa kike akiwa amekaa miguuni pake. Katika nyumba yake mgeni hakuulizwa jina kabla hajapewa maji. Maji kwanza, jina baadaye: ndivyo alivyomfundisha, na mtoto alikuwa msikivu.

"Sijaja kununua, mwanangu. Natafuta mtu aliyemjua Mwanatumu binti Shekue. Alikuwa mshonaji. Alikaa mtaa huu, Mtaa wa Mikunazi."

"Mikunazi?" Bi Chausiku akacheka. "Wewe wa lini, babu? Huu ni Mtaa wa Wa Nne. Wa Nne alikaa nyumba ile yenye foleni, unaiona?"

"Ndiye huyo."

"Nani?"

"Wa Nne ndiye Mwanatumu. Mimi ni baba yake."

Mikono ya Bi Chausiku ikasimama juu ya kitambaa. "Baba yake Wa Nne! Toba! Kaa, babu, kaa hapa. Mbona huji siku zote hizi?"

"Nimekuja. Wewe huyo huyo ulinikalisha kiti hicho hicho."

"Haiwezekani, ningekumbuka. Ebu niambie, maana hapa tunabishana mpaka tunataka kushikana mashati: chai ilikuwa ya mdalasini au ya tangawizi?"

"Bi Chausiku, ulimjua?"

"Nilimjua sana! Si alinishonea gauni la harusi ya dada yangu? Lile lenye marinda. Hata sasa ninalo."

Mzee Shekue akahisi jamvi limepungua uzito begani. "Basi nakuuliza. Wamjua vipi marehemu?"

Bi Chausiku akafumba macho, akitafuta. Kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemtazama mtu mwingine. Kisha akafumbua.

"Nilikuwa naye juzi yake, babu. Nimesimama naye mlangoni, kama mimi na wewe. Mgeni angekuja juzi hiyo badala ya siku ile, ingekuwa mimi! Mimi ndiye ningekuwa Wa Nne!" Akaweka mkono kifuani, na machozi yakamtoka kweli, machozi ya kujililia. "Watu hawajui nilivyoponea chupuchupu."

Jamvi likarudi uzito wake.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Kinyozi alimjua Mwanatumu kwa sababu siku ile yeye alipita karibu na nyumba yake. Mwuza dawa alimjua kwa sababu huenda alimuuzia Mgeni vidonge vya kichwa. Mwenye nyumba aliyopanga Mwanatumu alimjua kwa sababu chumba chake sasa kinaingiza wageni wa kulipa. Kila mmoja alimjua kwa kipimo cha umbali baina yake yeye na kifo, na kadiri alivyokuwa karibu ndivyo alivyojidai zaidi. Marehemu alikuwa dirisha tu. Walichungulia kupitia kwake wamwone aliyekuwa nyuma yake. Na nani hulishukuru dirisha?

*

Uwanjani, watu walikuwa wamekwisha kukusanyika. Palikuwa na jukwaa, na juu ya jukwaa kiti kimoja kilichovikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na mbele yake kimeza chenye vikombe viwili. Hicho kilikuwa kiti cha Mgeni. Kando yake wamekaa Wanaojua. Hao walikuwa wanaume wenye miwani na wanawake wenye sauti nzito, ambao kazi yao katika maisha ilikuwa kumjua mtu wasiyemjua. Mmoja alithibitisha kwamba Mgeni alikuwa wa mkono wa kushoto. Wa pili alithibitisha kwamba alinyimwa mapenzi na mama yake. Wa tatu akasimama akasema, huku watu wakipiga makofi, kwamba kusema kweli Mgeni hakuua, bali alikuwa akiuliza swali, na jamii ndiyo iliyoshindwa kumjibu.

Kisha mshereheshaji, kijana wa suti ya kung'aa na sauti ya asali, akaja mbele.

"Mabibi na mabwana! Kama ilivyo ada yetu. Kama yupo miongoni mwetu, asione haya. Kiti chake hiki. Chai yake hii. Mgeni, hodi!"

"Karibu!" watu wakaitika.

"Mgeni, hodi!"

"Karibu!"

"Mgeni, hodi!"

Safari hii hawakuitika. Ada ilitaka wanyamaze. Wakanyamaza wote kwa pamoja, maelfu ya watu, mpaka mtu aliweza kusikia bati la kiwanda likipanuka kwa joto. Hakuna aliyekohoa. Watoto wachanga hawakulia. Na Mzee Shekue, aliyekuwa nyuma kabisa, aliusikia ukimya ule ukimwingia mwilini, na ghafla akaufahamu. Huu ndio ukimya aliokuwa akiutafuta, ule unaostahili kufuata jina la marehemu. Mji ulikuwa nao. Mji uliuweka kwenye sanduku, ukaukung'uta vumbi, ukamtolea mtu mmoja tu.

Mtu mmoja tu ndiye wanayeweza kumsikiliza.

Basi.

Basi niwe huyo.

Miguu yake ilikwenda kabla hajaituma. Watu walimpisha. Akapanda ngazi, akaweka jamvi chini, akakaa juu ya kile kitambaa cheupe.

"Ni mimi," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa hapo hata harusini hajavisikia. Wanawake walirusha kanga. Mmoja wa Wanaojua alizimia, mwingine akamkagua Mzee Shekue mkono wa kushoto. Mshereheshaji akapiga magoti, akamsogezea chai, akanong'ona, "Tulijua utakuja, baba. Anza na yeyote umpendaye."

"Nitaanza na Mwanatumu binti Shekue."

"Ndiye yupi?"

"Mnamwita Wa Nne."

"Aaah!" watu wakahema.

Mzee Shekue akafumba macho, akaanza. Aliwaambia alizaliwa masika, bonde limejaa maji, mkunga akavushwa kwa mgongo wa mtu. Aliwaambia alikuwa hapendi bamia, akiziweka pembeni mwa sahani kwa mstari kama watu wanaosubiri hukumu. Aliwaambia alikuwa akinusa kitambaa kabla ya kukikata, na ukimuuliza kwa nini husema vitambaa vingine vina hasira. Aliwaambia hakuwa na sauti ya kuimba lakini aliimba, na paka walihama ubarazani. Alipokuwa mdogo alilia siku nzima kwa sababu kuku aliyemzoea alichinjwa kwa ajili ya wageni, na jioni yake akawapelekea wageni hao hao maji ya kunawa, macho yamevimba, akitabasamu, kwa sababu wageni hawana kosa.

Akamaliza. Ukimya ulikuwa bado upo. Akafumbua macho, moyo ukimpiga kama wa kijana, akauliza kwa sauti aliyokuwa ameitunza miaka yote ile:

"Mwamjua vipi marehemu?"

Mtu mmoja akajikuna. Mwingine akageuka kumtazama mwenzake.

"Sasa hiyo nayo ni hadithi gani?" mwanamume mmoja akasema. "Bamia!"

"Mzee, tuambie mkono! Tuambie ulianzaje!"

"Alipiga kelele? Alisema nini?"

Mzee Shekue akafungua kinywa. Kila kitu cha Mwanatumu alikijua, isipokuwa kile walichokitaka. Miaka yote hiyo, kila usingizi ulipompitisha mbele ya mlango wa binti yake, yeye aliugeuza uso.

Ndipo yule wa tatu wa Wanaojua akasimama, akamnyooshea kidole kirefu. "Jamani, huyu si Mgeni! Msikilizeni vizuri. Muuaji hajui mtu alikuwa hapendi nini. Huyu anamjua. Huyu anampenda!"

Neno hilo lilipita uwanjani kama harufu mbaya.

"Mwongo!"

"Mzee mzima na mvi zako!"

"Toka kitini! Kiti hicho si cha baba wa mtu!"

Mshereheshaji alimshika mkono, akamshusha ngazi, tabasamu likiwa bado usoni kwa ajili ya watu. "Mzee wangu, pole na msiba," akasema chini ya pumzi. "Lakini umetuharibia siku."

*

Akalitandika jamvi pale pale, pembeni mwa uwanja, kwenye vumbi. Hakuwa na nguvu ya kulibeba tena. Akasimama kando yake, watu wakimpita, wengine wakimcheka, wengine wakirudi kwenye wali wao wa Mgeni.

"Hodi jamvini," sauti ikasema.

"Karibu."

Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, wa kandambili na shati la mistari, wa sura ambayo macho huteleza juu yake. Alikuwa na sinia la vikombe alivyokuwa akiuza; akaliweka chini kwa uangalifu, vikombe visigongane. Mzee Shekue hakumuuliza yeye ni nani. Mkono ulijifanyia wenyewe kama ulivyozoea: ukafungua chupa, ukamimina maji kwenye kifuniko chake, ukampa.

Yule mtu akayapokea kwa mikono miwili. Hakuyanywa. Aliyatazama, akayatazama, kama mtu aliyetupa kitu baharini akakikuta kinamngoja mlangoni.

"Hata yeye," akasema, "alinipa maji kwanza. Jina hakuniuliza mpaka nilipokwisha kunywa."

Uwanja ulikuwa na kelele. Mzee Shekue hakuisikia. Hilo la maji hakulisema pale kitini. Hakulisema popote. Halikuwa limeandikwa kwenye kanga wala kufundishwa na Wanaojua. Mtu aliyelijua alikuwa ama mtoto wa nyumba yake, ama mtu aliyewahi kubisha hodi kwa mtoto wa nyumba yake.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi." Alisema kwa uchovu, bila fahari. "Nami nilipanda pale, zamani. Nikawaambia ni mimi. Wakanitazama, wakasema sifanani. Mgeni ni mrefu, wakasema. Mshereheshaji akanipa soda akanishusha. Tangu hapo nauza vikombe."

"Kwa nini?"

"Vikombe?"

"Mwanangu!"

Yule mtu akafikiri. Alifikiri kweli, kipaji cha uso kimekunjamana. "Sijui, mzee. Kila mwaka nakaa pale mbele kabisa nawasikiliza wale wanaojua, labda siku moja wataniambia. Mpaka leo sijaelewa."

Mzee Shekue alikuwa amelibeba lile kwa nini kwa miaka kama mtu anavyobeba jiwe la kusagia, akidhani ndani yake mna kitu. Sasa limepasuka mbele yake, na ndani ni jiwe vile vile.

"Nilikusikia pale juu," yule mtu akaendelea. "Umeuliza, hawakukujibu. Nimeona vibaya. Mimi nilikaa naye. Alinichekea, akanionyesha shati alilokuwa akishona, akasema kitambaa hiki kina hasira. Basi nakujibu mimi." Akayanywa maji, akafuta mdomo. "Mtu mwema."

Akainama, akashika ncha ya jamvi.

Jibu lilikuwa limetoka. Si la ndugu. Ni la mtu aliyemjua, aliyeitafuta siku yake ya wema akaipata, na siku yenyewe ilikuwa ile ile. Kwa ada ya kina Shekue halikuwa na kasoro hata moja, na ndilo lililokuwa chungu kupita yote.

"Ni huyu!" Mzee Shekue akapiga ukelele, sauti ikamvunjika. "Jamani! Njooni! Mgeni ni huyu hapa!"

Wachache wakageuka.

"Mzee, si sasa hivi ulikuwa wewe?"

"Mpeni muda, kesho atakuwa mbuzi wa Mgeni!"

"Huyo ni muuza vikombe, babu, tunamjua huyo. Muungwana sana, hata kukopesha anakopesha."

Wakacheka, wakaenda zao. Uongo aliousema kwa ajili ya binti yake ulikuwa umekwisha kuila kweli, kama mchwa, kabla yeye hajaifikia. Hatasadikiwa tena katika mji ule, na saa katika mji ule hazitapita.

"Haya, mzee," yule mtu akasema kwa upole, bado ameinama, ncha mkononi. "Shika na wewe upande wako. Tumalize."

Mzee Shekue akaitazama ncha yake. Ilikuwa imechakaa, ukindu umelegea pale bega lilipoisugua. Angeishika, kilio kingekwisha. Angelala. Angerudi nyumbani mikono mitupu kama watu wengine. Na huyu naye angelichukua sinia lake, akaenda.

Akavua viatu. Akapanda juu ya jamvi, akakaa katikati, akakunja miguu.

"Mbona unakaa?"

"Jamvi lenye mtu halianuliwi."

"Basi niachie niende, nina biashara."

"Iache. Hakuna aliyekushika." Mzee Shekue hakupaza sauti. "Lakini kwetu mwenye kuiachia ncha kabla ya wakati, marehemu huhamia kwake. Atakuja saa kumi. Safari hii yeye ndiye atakayepiga hodi. Utamwambia karibu?"

Yule mtu akaangalia mlango wa karibu, uliokuwa wazi nusu kama milango yote. Akaangalia jua. Vidole vyake vikaukaza ukindu mpaka kucha zikawa nyeupe.

Wakabaki hivyo, mmoja amekaa, mmoja ameinama.

Baadaye, kama neno hilo lilikuwa na maana katika mji ule, Bi Chausiku alipita na mteja wake, mwanamke kutoka mbali aliyekuja kwa sikukuu. Yule mteja akasimama, akauliza hawa ni nani.

"Wanaigiza," akasema Bi Chausiku. "Kila mwaka huwa kuna waigizaji. Huyo aliyekaa ndiye Mgeni. Huyaoni macho yake? Hayana huruma hata chembe. Na huyo maskini aliyeinama, anayetetemeka, ndiye baba wa marehemu." Akatikisa kichwa, akapangusa jicho kwa pindo la kanga yake nyekundu. "Tazama alivyolishika hilo jamvi, masikini ya Mungu. Uchungu wa mwana, dada yangu."